Dawa ya asili isiyo na lebo kamili usimpe mtoto

Msomaji, ukipita stendi au mnadani utamsikia muuzaji akitangaza kwa kipaza sauti dawa moja inayotibu kisukari, presha, vidonda vya tumbo na nguvu za kiume. Ichukue hiyo chupa uisome. Mara nyingi utakuta orodha ya magonjwa na namba ya simu. Kilichomo ndani hakikutajwa.

Siipingi tiba asili. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inaitambua, na Baraza lililoundwa kwa sheria hiyo, chini ya Wizara ya Afya, husajili waganga, vituo vyao na dawa. Lakini usajili unaoishia kwenye faili haumsaidii mgonjwa aliyeshika chupa mkononi. Lazima auone kwenye lebo.

Neno "asili" halina maana ya "salama". Mwaka 1993 madaktari wa Brussels, Ubelgiji, waliripoti habari za wanawake walioharibika figo baada ya kutumia vidonge vya kupunguza unene vyenye mitishamba ya Kichina. Mmea uliokusudiwa ulikuwa umechanganywa na mwingine wenye sumu, wa jamii ya Aristolochia, kwa kuwa majina yao ya Kichina yanafanana. Baadhi yao walilazimika kupandikizwa figo. Hata kwetu, jina moja la kienyeji huweza kubeba mimea tofauti kutoka mkoa hadi mkoa. Ndiyo maana lebo inapaswa kutaja jina la kisayansi la mmea na sehemu iliyotumika, iwe mzizi, gome au jani.

Hatari nyingine ni kemikali iliyofichwa. Mamlaka za nchi mbalimbali zimekuta sildenafil, dawa ya hospitali, ndani ya bidhaa za nguvu za kiume zinazouzwa kama mitishamba mitupu. Mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za jamii ya naitreti akiimeza bila kujua, presha yake inaweza kushuka ghafla na kuhatarisha maisha yake.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, tafuta mambo haya kwa Kiswahili unachokielewa: namba ya usajili, jina na anwani ya mtengenezaji, vilivyomo na kiasi chake, dozi kwa umri, namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi, na tahadhari kwa wajawazito, wanaonyonyesha na wanaotumia dawa nyingine. Mzazi, kama dozi ya mtoto haikuandikwa, usikadirie kwa kugawa kijiko cha mtu mzima. Ini na figo za mtoto mchanga bado hazijakomaa.

Kwa wasimamizi, ombi langu ni moja: bidhaa isiyo na maelezo hayo iondolewe sokoni, hata kama mwenye nayo ana cheti ukutani. Mtengenezaji mwaminifu hatapoteza kitu kwa kuandika alichokiweka.

Na wewe unayetumia tayari, usimfiche daktari kwa kuogopa kufokewa. Nenda na chupa yenyewe kliniki. Akijua unachokunywa, ataweza kukueleza kama kinagongana na dawa alizokuandikia.