Shimo la Matofali Lisikae Bure

Hapa Ifakara, ukitoka Kibaoni kuelekea Viwanja Sitini, au ukipita Lipangalala na Mlabani ambako nyumba mpya zinaongezeka kila mwaka, tupia macho nyuma ya nyumba. Mara nyingi utaona shimo. Mwenye nyumba alipoanza kujenga alichimba udongo palepale kiwanjani, akafyatua matofali, akapanga tanuru, akachoma. Nyumba ikasimama, bati likapigwa, familia ikahamia. Shimo likabaki. Leo, miaka minne au mitano baadaye, lina kandambili zilizokatika, mifuko ya nailoni, magugu ya kimo cha mtoto na, kuanzia mvua za Desemba hadi Mei, maji.

Nataka tuzungumze juu ya shimo hilo na uwanja unaolizunguka, kwa sababu tumezoea jambo ambalo hatukupaswa kulizoea. Sisi ni watu wa bonde la Kilombero. Mchele wetu unapikwa Dar es Salaam. Mpunga wa SARO 5, unaolimwa leo katika mikoa mingi, ulitoka mikononi mwa watafiti wa kituo cha kilimo cha KATRIN, hapa hapa Ifakara. Mvua tunapata zaidi ya milimita 1,200 kwa mwaka, kiasi ambacho ndugu zetu wa Dodoma wanakiona ndotoni tu. Halafu mama wa Ifakara anatoka nyumbani asubuhi, anavuka uwanja mtupu, anakwenda sokoni kununua fungu la matembele. Matembele! Mmea ambao ukikata kipande cha shina lake ukakichomeka ardhini wakati wa mvua, baada ya wiki chache unachuma.

Sababu naijua, wala si uvivu. Mvua zikishika, familia nyingi zinahamia mashambani, nyingine ng'ambo ya mto upande wa Ulanga, zinakaa kwenye madungu kulinda mpunga hadi mavuno. Wanaporudi mjini wanakuta nyasi zimefika dirishani. Wanafyeka, wanakusanya, wanatia kiberiti, kisha wanafagia mpaka ardhi inakuwa nyeupe. Jirani akipita anasifu: hapo pasafi. Basi uwanja wetu una hali mbili tu katika mwaka, pori na jangwa, na zote mbili hazimlishi mtu.

Hapo kwenye neno usafi ndipo ninapoomba tusimame. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza, wakasoma vitabu vidogo, wakatoka kwenda kuchimba vyoo, kufyeka vichaka karibu na nyumba na kufukia madimbwi. Ilikuwa kazi kubwa na ya heshima. Mwaka 1975 ikafuata kampeni nyingine, Chakula ni Uhai, iliyohimiza lishe bora. Mimi naona tulirithi nusu ya kampeni ya kwanza na kuisahau ya pili. Ufyekaji tukaushika kwa nguvu zote. Ufukiaji wa madimbwi tukauacha. Bustani ya mboga tukamwachia mwenye kipato kidogo cha ziada na bomba la maji.

Sasa tuuangalie huo uwanja mweupe kwa karibu. Chuchumaa kwenye kona ya nyumba baada ya mvua ya usiku mmoja. Ukutani utaona mstari wa tope, kimo cha goti, pale matone yalipopiga ardhi tupu na kuirusha juu. Chini ya mstari huo tazama msingi: tofali la kwanza limeanza kuonekana, na katika nyumba za zamani kidogo, hata la pili. Udongo uliokuwa unalificha umekwenda. Mvua imechukua sehemu yake, na ufagio wa chelewa umechukua sehemu yake kila asubuhi, pamoja na majani makavu ambayo yangeoza na kuwa mbolea. Tunafagia uwanja, na kidogo kidogo tunafagia msingi wa nyumba.

Kisha nenda shimoni. Maji ya mvua yaliyotulia juani, yasiyo na kina kirefu, ndiyo anayopenda mbu aina ya Anopheles arabiensis, mmoja wa wale wanaoeneza malaria katika bonde hili. Inama utazame, lakini kivuli chako kisianguke majini. Viluwiluwi vyake hulala sambamba na uso wa maji kama vijiti vidogo, havining'inii kichwa chini kama vya mbu wa vyooni. Ndani ya wiki moja au mbili, kwa joto letu, vinaruka. Mbu haoti kwenye nyasi, jamani. Anaweza kupumzika kivulini, lakini anazaliwa majini. Anayefyeka uwanja mzima na kuliacha shimo lina maji amefukuza kivuli na kumwachia mbu kitanda.

Kuhusu malaria, mji wetu una Taasisi ya Afya ya Ifakara, ambayo mizizi yake ni maabara ndogo iliyoanzishwa miaka ya 1950 na Rudolf Geigy wa Uswisi. Utafiti uliofanyika katika wilaya za Kilombero na Ulanga, uliochapishwa mwaka 2001, ulihusisha vyandarua vyenye dawa na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wadogo. Dunia nzima ilijifunza kutoka kwetu. Lakini chandarua kiko kitandani, na arabiensis huuma pia nje, jioni, wakati mama anapika na watoto wanacheza hatua kumi kutoka shimoni.

Basi tulifanye nini? Tulijaze, na tukishalijaza tulipande. Mimi nililijaza langu msimu mmoja wa kiangazi. Chini niliweka mabua ya mahindi na majani ya mpunga, juu yake pumba ngumu kutoka mashine ya kukoboa, kisha samadi ya mbuzi ya jirani, jivu la jikoni, maganda ya ndizi, na udongo. Tabaka kwa tabaka, kiroba kwa kiroba, miezi mitatu. Bibi mmoja wa mtaani kwetu alinionya kwamba pumba peke yake hukaa miaka bila kuoza, nichanganye na samadi, na alisema kweli. Alinionya pia nisiishie usawa wa ardhi, bali nipandishe kichuguu, maana vitu vikioza vinashuka, na kikishuka kinarudi kuwa bwawa. Mvua ya kwanza ilishusha kichuguu changu karibu nusu. Nikaongeza.

Pembeni nikapanda migomba minne, katikati ya migomba mipapai, na chini yake matembele yakatambaa hadi ukutani. Maji ya kuoshea vyombo yanakwenda migombani, hayatuami tena mlangoni. Mkungu wa kwanza tuliukata kabla mwaka wa pili haujaanza. Mstari wa tope ukutani, upande ule wa matembele, haupo.

Haya si mambo mapya Tanzania. Wachagga wa Kilimanjaro wamekaa katika vihamba kwa karne nyingi, migomba juu, mboga chini, nyumba katikati, na baadaye kahawa ikaingia chini ya migomba. Na huku kwetu, wakulima wa kakao wa Mbingu wanajua vizuri kwamba kivuli ni mali.

Wapo watakaosema: nyoka. Hofu hiyo ni ya haki, na koboko hana mzaha. Kwa hiyo acha njia na mbele ya mlango pakiwa peupe, punguza majani ya chini ya migomba, usirundike kuni wala matofali karibu na dirisha. Bustani inayoingiwa kila siku na mwenye kisu cha kuchumia mboga haimpi nyoka raha kama gofu la magugu. Wengine watasema hawapo nyumbani nusu ya mwaka. Ndiyo sababu nasema mgomba na mpapai, si nyanya. Mgomba unamsubiri mwenyewe. Nyanya haisubiri. Jambo moja tu nasisitiza: makopo, vifuu na matairi yenye maji yaondolewe, kwa sababu huko huzaliwa mbu wengine, wa dengi.

Ndugu zangu, mavuno yakija, mashine za kukoboa zitaanza kuvuma na marundo ya pumba yatapanda kando ya barabara, kisha yatatiwa moto na kufuka moshi siku nyingi, meusi juu, ya moto ndani. Nenda kabla ya kiberiti. Chukua kiroba na baiskeli, mwombe mwenye mashine kwa heshima, na uanze na shimo lililo karibu na dirisha la watoto.