Malori, vipimo na wagonjwa wasiohesabiwa

Wasafirishaji wa Afrika Mashariki wanaukumbuka mwezi Mei 2020 kwa foleni. Malaba, malori yalipanga mstari wa makumi ya kilomita yakisubiri majibu ya vipimo vya Covid-19. Namanga, mizigo ilikwama baada ya Kenya kutangaza, tarehe 16 Mei, kufunga mipaka yake na Tanzania na Somalia. Magari ya mizigo pekee yaliruhusiwa, tena kwa sharti kwamba dereva apimwe kwanza. Kila jioni taarifa za wizara za afya zilitaja madereva waliokutwa na virusi, na wananchi wengi wakaamini kwamba ugonjwa unasafiri kwa lori.

Imani hiyo ilikuwa na nusu ya ukweli. Uganda ilikuwa imefunga mipaka kwa abiria tangu Machi 2020, hivyo dereva wa mizigo alibaki karibu peke yake akivuka kihalali. Alipimwa safari baada ya safari, wakati mwenye duka wa mjini alipimwa pale tu alipougua au alipokutana na mgonjwa. Anayetafutwa sana ndiye anayeonekana sana.

Hesabu ya Wuhan

Hata hivyo, vipimo vya wasafiri vina faida kubwa vikisomwa vizuri. Mfano mzuri ulitolewa Januari 2020 na watafiti wa chuo cha Imperial, London. Wakati huo China ilikuwa imethibitisha wagonjwa 41 tu katika mji wa Wuhan, lakini wengine watatu walikuwa wamekwisha kugunduliwa nje ya nchi: wawili Thailand na mmoja Japani.

Watafiti walichukua idadi ya watu wanaotegemea uwanja wa ndege wa Wuhan, yaani milioni 19, na wasafiri wa kimataifa wanaotoka hapo kwa siku, 3,301. Kwa siku 10 ambazo mgonjwa angeweza kusafiri kabla ya kugunduliwa, hiyo ni sawa na mtu mmoja katika kila 575. Kwa hiyo kila mgonjwa aliyeonekana nje aliwakilisha wengine 575 hivi waliobaki nyumbani. Wagonjwa watatu wakatoa makadirio ya watu 1,723, zaidi ya mara 40 ya idadi iliyotangazwa.

Kwa nini lori si ndege

Je, hesabu hiyo ingeweza kufanywa Malaba au Namanga? Kwa sehemu tu. Abiria wa ndege hukaa mjini na watu wa kila aina kabla ya kuondoka. Dereva na utingo wake hukaa njiani siku kadhaa, wakilala na kula kwenye vituo vilevile na wenzao kutoka nchi nne au tano. Akikutwa na virusi mpakani, haijulikani aliambukizwa alikotoka, alikopita au kwenye foleni yenyewe. Majibu yake yanaeleza hali ya barabara kuliko hali ya nchi iliyompa pasipoti.

Kasoro ya pili ni ya takwimu. "Madereva 20 wamekutwa na virusi" ni habari isiyokamilika. Ishirini kati ya 200 ni hatari kubwa; ishirini kati ya 4,000 ni jambo jingine kabisa.

Siasa nazo ziliongeza ukungu. Tanzania iliacha kutoa takwimu za kila mara baada ya tarehe 29 Aprili 2020, ikiwa na wagonjwa 509, na ikaanza tena mwaka 2021. Uganda iliamua Mei 2020 kuwaondoa madereva wa kigeni katika hesabu yake. Dereva mmoja aliweza kupimwa katika nchi moja, kurudishwa nyingine, na asihesabiwe na yeyote.

Damu ilisema nini

Ukubwa wa pengo ulionekana pale watafiti nchini Kenya walipopima kingamwili, yaani alama inayobaki katika damu baada ya maambukizi. Kati ya wachangiaji damu 3,098 waliochunguzwa kuanzia Aprili hadi Juni 2020, 174 walikuwa nazo. Baada ya marekebisho ya kitaalamu, kiwango cha taifa kilikadiriwa kuwa asilimia 4.3, Mombasa asilimia 8.0 na Nairobi 7.3. Kwa nchi ya watu milioni 47.6, kwa sensa ya 2019, hiyo ni zaidi ya watu milioni mbili. Hadi tarehe 31 Julai mwaka huo wagonjwa waliothibitishwa walikuwa 20,636, karibu mtu mmoja kwa kila mia.

Oktoba 2020 ilikuwa zamu ya madereva wa malori na wasaidizi wao nchini humo. Asilimia 42.3 walikuwa na kingamwili, kiwango kilichozidi cha wahudumu wa afya na cha wachangiaji damu. Takwimu hiyo inaweza kusomwa kama shutuma, lakini inasomeka vizuri zaidi kama taarifa ya hatari kazini. Watu hawa walibeba dawa, mafuta na chakula wakati wengine wameambiwa wakae nyumbani, na zaidi ya wanne katika kila kumi wao waliambukizwa.

Somo kwa wafanyabiashara

Suala hili halijapita. Julai 2024 Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa mpox, msafiri aliyegunduliwa kwenye kituo cha mpakani Taita Taveta akitoka Uganda kwenda Rwanda kupitia Kenya. Mtu mmoja, nchi tatu: ni ishara ileile ya wagonjwa ambao bado hawajaonekana.

Vyama vya wasafirishaji na mawakala wa forodha vina haki ya kudai mambo matatu kabla ya dharura nyingine. Kwanza, kila tangazo la mpakani litaje waliopimwa, si waliokutwa na ugonjwa tu. Pili, cheti cha nchi moja kikubaliwe na jirani, ili dereva asipimwe mara mbili kwenye safari moja. Tatu, vipimo vifanyike kabla ya safari na katika miji ya njiani, kwa madereva na wenyeji pia. Mpaka unaopima madereva peke yao utaendelea kuwaona madereva peke yao, na gharama ya foleni itaendelea kuingia kwenye bei ya unga na sabuni.