Hati Safi Haipaui Zahanati

Kila ikifika mwisho wa Machi, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huenda Ikulu na makabrasha yake, akamkabidhi Rais, na kwa wiki mbili hivi nchi nzima inageuka ya wahasibu. Bodaboda anajadili masurufu yasiyorejeshwa. Kinyozi anakutajia bilioni zilizolipwa bila viambatanisho huku wembe uko shingoni kwako. Mei ikiingia, kimya. Tunarudi kwa Simba na Yanga.

Sisi wa sokoni tuna manung'uniko yetu, tuyaseme kabla ya mpira.

Hii hati safi, hebu mtueleze. Halmashauri ikiipata, mkurugenzi anapongezwa, madiwani wanapiga makofi, nasi tunasherehekea nao tukijua hela zetu zimefika salama. Kumbe wapi! Hati hiyo inasema vitabu vya hesabu vimeandaliwa kwa kufuata viwango, na kasoro zilizomo si kubwa kiasi cha kupotosha picha nzima. Basi. Kama dawa zilifika, kama bei ilikuwa ya haki, hayo si kazi yake. Ndiyo maana ripoti zilezile zinazohesabu hati safi huendelea, kurasa kwa kurasa, kutaja makusanyo yasiyopelekwa benki na vifaa vilivyolipiwa ila havikupokelewa.

Mfano ni boma la zahanati ya kijiji chetu, tulilijenga kwa nguvu zetu. Kila kaya ilichangia saruji, kinamama wakasomba maji na mchanga, vijana wakafyatua tofali. Tulipofika kwenye lenta, halmashauri ikasema itapaua. Leo wanaolazwa humo ni mbuzi. Na mwaka huohuo halmashauri yetu ilipata hati safi! Hatusemi mtu kaiba, mdomo tunao lakini ushahidi hatuna. Tunachosema ni kwamba wakaguzi walifika wilayani, wakapekua mafaili, wakaondoka, na huku kwetu gari lao hatukuliona.

Twende kwenye ushuru. Mashine za POS zililetwa ili hela isiishie mifukoni. Kijana anapita genge kwa genge tangu asubuhi. Leo mashine haina chaji, kesho mtandao unasumbua, ila pesa anapokea. Ukidai risiti: "Mama, nitakuletea." Kisha Mdhibiti anatuandikia kwamba kuna mashine zilizokaa nje ya mtandao na fedha ambazo hazikufika benki. Hilo muuza mchicha angemweleza bila kudai posho.

Mikopo ya asilimia kumi ndiyo inayotuuma zaidi. Sheria inataka halmashauri itenge sehemu hiyo ya mapato yake ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Wenzetu waliunda kikundi, wakaandika katiba, wakafungua akaunti, wakangoja. Wakaguzi walipochimba kwenye halmashauri mbalimbali wakakuta vikundi hewa na mikopo isiyorejeshwa. Aprili 2023 serikali ikasimamisha mikopo yote ili itengeneze utaratibu mpya, na haikurudi mpaka 2024. Yaani waliokula walishashiba, waliosimamishwa ni waliokuwa kwenye foleni.

Tena mambo yenyewe yanakwenda polepole mno. Mwaka wa fedha unafungwa 30 Juni, hesabu zinawasilishwa kwa wakaguzi Septemba, ripoti inatoka Machi, na kwa miaka ya karibuni mjadala wake bungeni umekuwa ukisubiri Novemba. Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa inapomweka mkurugenzi kitini, mara nyingi anajibu kwamba yeye ni mgeni, hoja amezikuta. Aliyezizalisha alishahamishiwa halmashauri nyingine, labda anazalisha nyingine huko. Kuna mkaguzi wa ndani, kweli, lakini ofisi yake iko korido moja na ya mkurugenzi, na gari la kwenda kukagua miradi anamwomba mkurugenzi huyohuyo. Amkague vipi?

Mkaguzi wa juu naye tuliona yaliyompata. Profesa Mussa Assad, aliyekuwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, alipoulizwa kwa nini ripoti zake hazizai matunda, akataja udhaifu wa Bunge. Januari 2019 akaitwa mbele ya kamati ya maadili ya Bunge, Aprili Bunge likaazimia kutofanya naye kazi, na Novemba hakuongezewa muda. Mkaguzi ndiye aliyekaguliwa mpaka akaisha. Waliolipa bilioni bila viambatanisho, sijui nani aliwaita.

Kwa hiyo ya Dodoma tumewaachia wa Dodoma. Ombi letu ni kwako, mwenyekiti wa kijiji, na mtendaji wako. Kila baada ya miezi mitatu mnatakiwa muitishe mkutano mkuu wa kijiji mtusomee mapato na matumizi. Robo hii imekwisha hatujaitwa, na ile ya nyuma mlisema akidi haikutimia wakati tulikaa chini ya mwembe hadi magharibi. Iteni mkutano. Karatasi bandikeni kwenye ubao wa matangazo: kilichokusanywa, kilichorudi kijijini, nani kalipwa kwa kazi gani. Iandikwe kwa herufi kubwa, maana miwani nayo ni bei.