Acheni Waya Uonekane

Kijana anayechapisha picha katika duka moja hapa Wandegeya aliikuza picha yangu kwenye kompyuta, akakunja uso, akaniuliza, "Ssebo, nikufutie waya?" Picha ilikuwa ya chui wa Entebbe. Amelala juu ya gogo, mkia unaning'inia, na mbele yake wavu wa chuma umeikata sura yake vipande vipande. Nikamwambia auache. Akacheka. Kazi yake ya kila siku ni kuwavalisha suti na tai watu waliokuja kupiga picha za pasipoti wakiwa na fulana. Kumwondolea chui waya kungemchukua dakika chache tu.

Siku ile nilikuwa na picha mbili. Ya pili ni ya chui yule yule, saa ile ile, bila waya, na hakuna kompyuta iliyoigusa. Wapiga picha wanaujua ujanja wenyewe: unasogeza lenzi karibu kabisa na wavu, unafungua tundu lake hadi mwisho, unasubiri mnyama asogee nyuma, kisha unalenga macho yake. Waya unayeyuka kama moshi. Anayebaki ni chui na majani.

Zote mbili nilizipeleka kwa kikundi kilichokuwa kikiandaa maonyesho ya picha za wanyamapori. Chini ya kila moja niliandika "Chui, Entebbe". Ya kwanza ilirudishwa papo hapo: ina waya, kwa hiyo si picha ya mnyamapori. Ya pili waliipenda mno. Ila, wakaniambia, ondoa hilo neno Entebbe, "Chui" peke yake linatosha. Nikaliondoa. Siku ya pili ya maonyesho, binti mmoja wa mwaka wa kwanza alisimama mbele ya picha ile kwa muda mrefu, halafu akaniuliza nilimwona wapi. Nikamjibu: Mburo. Sijawahi kufika Mburo.

Sijitetei. Uongo ni wangu, na niliutamka bila kulazimishwa na mtu. Lakini ninataka kuupinga mtazamo uliofanya uongo ule uonekane kuwa ndiyo adabu ya kazi. Mtazamo wenyewe unasema hivi: picha ya chui wa porini ni sanaa na ushujaa, na picha ya chui wa kizimbani ni mambo ya watoto wa shule walioletwa kwa basi. Anayeusikia mtazamo huu kila siku hujifunza jambo moja tu, nalo ni kuficha kizimba.

Tuulize kwanza ni nani anayempata huyo chui wa porini. Chui hutembea peke yake, huwinda zaidi usiku, na mchana aweza kulala juu ya mti ukapita chini yake usimwone. Huko Lake Mburo wageni huzungushwa usiku kwa gari, taa kubwa ikimulika vichaka, na bado wengi hurudi wakiwa wameona paa na macho ya wanyama wasiowatambua. Picha nzuri hutaka siku kadhaa za namna hiyo: gari, mafuta, malazi, askari wa hifadhi wa kukuongoza, na lenzi ndefu. Mimi ninakula rolex ya Wandegeya mchana na usiku, na si kwa sababu ninaipenda kiasi hicho. Chui wangu ni wa Entebbe, mwendo wa teksi, katika kituo kilichoanza mwaka 1952 kama mahali pa kulelea wanyama yatima na ambacho watu wa Kampala wanaendelea kukiita zuu. Mwenzangu wa chumbani ni Muganda wa ukoo wa Ngo. Chui ndiye muziro wake, jina lake analitaja tangu utoto, na chui hai wa kwanza kumwona alikuwa huyu wa nyuma ya wavu. Mkimwambia kwamba huyo si chui wa kupigwa picha, basi mwambieni pia atafute wapi mwingine.

Wala huo usafi wa "porini" si usafi kama tunavyohubiriwa. Mwaka 2009 shindano la Wildlife Photographer of the Year la London lilimpa ushindi José Luis Rodríguez wa Hispania kwa picha ya mbwa mwitu akiruka geti usiku. Januari 2010 akavuliwa ushindi huo: waamuzi waliamini kwamba yaelekea mnyama yule alikuwa wa kufugwa, aliyezoeshwa watu. Yeye alikana. Nchini Marekani kuna mashamba ambako mpiga picha hulipa, akaletewa chui au mbwa mwitu theluji ikianguka, akarudi nyumbani na "pori" lake. Tumezoea kuonywa juu ya chui aliyevaa ngozi ya kondoo. Hapa ni kondoo ndiye aliyevishwa ngozi ya chui.

Karibu nasi zaidi ni kisa cha Laikipia. Februari 2019 vyombo vya habari vya dunia vilitangaza picha za chui mweusi zilizopigwa na Mwingereza Will Burrard-Lucas, vikisema ni za kwanza Afrika kwa karibu miaka 100. Wakenya wakachachamaa: Phoebe Okall wa gazeti la Daily Nation alikuwa amempiga picha chui mweusi huko huko Laikipia, Ol Jogi, mwaka 2013. Jibu likaja kwamba chui wa Okall alikuwa wa kufugwa, aliyeletwa kutoka Marekani akiwa mdogo. Jibu hilo sibishani nalo. Ninachouliza ni kwa nini maneno "wa kufugwa" yalitosha kuifanya picha ya mwanamke yule kana kwamba haikupigwa kabisa. Na wachungaji wa Laikipia waliowahi kukutana na chui weusi bila kamera mkononi, wao waliingizwa kwenye hesabu ipi?

Msinielewe vibaya. Tofauti ya pori na kizimba ni kubwa, na ndiyo sababu inapaswa kuandikwa. Madoa ya chui hayafanani kati ya mmoja na mwingine, kwa hiyo watafiti huwahesabu kwa picha za kamera zilizofichwa vichakani. Mnyama huyu amewekwa katika orodha ya kimataifa ya walio hatarini kutoweka. Mtu anayeitazama picha yangu na kuamini kwamba chui mwenye afya namna ile anatembea Mburo, amepewa habari njema ambayo sikuwa nayo.

Mhadhiri mmoja ninayemheshimu aliniambia kwamba waya unamdhalilisha mnyama. Mwalimu, kamera yangu haikuuweka waya ule. Niliukuta. Ukiondolewa kwenye picha, chui anabaki nyuma yake vile vile, ila sasa hakuna anayeuliza kizimba kina ukubwa gani, au mnyama huyu aliokotwa wapi na kwa nini hakurudishwa porini.

Maonyesho yajayo nitaipeleka tena ile picha iliyokataliwa, na maelezo yake ni yale yale. Wakiirudisha, nitaibandika mlangoni kwa chumba changu.

Yule binti wa mwaka wa kwanza nilimtafuta kwa wiki nzima. Nilimpata kwa mwuza chapati, nikamwambia kwamba chui yule alikuwa wa Entebbe. Nilitarajia anikasirikie. Akafikiri kidogo, akasema, "Kumbe! Basi Jumamosi naweza kwenda kumwona?"