Barua ya Bwana Shamba: Nani Alichimba Udongo Huu?

Ndugu mkulima wa kahawa,

Siku hizi wengi wenu mnapeleka udongo maabara ukapimwe. Hilo ni jambo jema. Majibu yanarudi yameandikwa kwenye karatasi. Zamani mlimpa mtoto awasomee. Sasa mnasoma wenyewe. Lakini kusoma karatasi ni kazi moja, na kuiamini ni kazi nyingine. Mimi mwenyewe niliwahi kukosea hapo, na mzee mmoja alikaribia kupata hasara kwa sababu yangu.

Mzee huyo analima kahawa na migomba katika mteremko wa Mlima Kilimanjaro. Mibuni yake ya upande wa juu ilikuwa imegeuka manjano. Aliniletea udongo katika mfuko, nami nikaupeleka maabara. Majibu yalisema: pH ni 7.4.

Je, pH ni nini? Ni kipimo cha uchachu wa udongo. Namba 7 ni katikati. Chini ya 7 udongo ni mchachu. Juu ya 7 udongo hauna uchachu. Namba ikishuka kwa moja tu, kutoka 6 mpaka 5, uchachu umeongezeka mara kumi. Mbuni hupenda uchachu kidogo, kati ya 5 na 6 hivi.

Basi nikamwambia, "Mzee, udongo wako umekosa uchachu. Nunua salfeti ya amonia." Mbolea hiyo hulisha mti, lakini pia huongeza uchachu katika udongo. Mzee akauza mbuzi, akanunua mifuko miwili.

Siku ya kuweka mbolea nilikwenda kumsaidia. Nilimkuta mkewe anakata majani ya ng'ombe. Nikamwamkia, nikamweleza habari za karatasi. Akauliza, "Bwana shamba, ni ule udongo niliochimba mimi?"

"Ndiyo, Mama. Ulichimba wapi?"

"Pale nyuma ya jiko. Mvua ilikuwa inanyesha, sikutaka kwenda mbali."

Tukaenda kupaangalia. Ndipo anapomwaga majivu kila asubuhi, tangu alipoolewa.

Unaona, ndugu msomaji? Majivu hupunguza uchachu. Maabara haikukosea. Ilipima vizuri udongo iliopewa. Aliyekosea ni mimi. Mashamba ya majirani yalikuwa yamepimwa, nayo yalipata 5 na kidogo. Kwa nini huyu peke yake apate 7.4? Namba ile ingenishtua, lakini sikujiuliza. Niliona karatasi ina mhuri, nikanyamaza.

Tukaiacha mbolea ndani ya mifuko, tukachimba udongo upya. Safari hii majibu yalikuwa 4.6. Kumbe shamba lilihitaji chokaa ya kilimo! Tungeweka ile mbolea, tungeongeza uchachu juu ya uchachu. Mzee akaipeleka kwenye mahindi yake ya tambarare.

Sasa, udongo wa kupima huchimbwaje? Tembea shamba zima kwa kupinda huku na huku. Chimba mahali kama 15 au 20, kina cha sentimita 30, yaani urefu wa rula ya shule. Usichimbe penye majivu, samadi, kichuguu, njia, wala mahali ulipotia mbolea karibuni. Changanya udongo wote katika ndoo safi. Usitumie mfuko uliokuwa na mbolea. Chota nusu kilo, anika kivulini, kisha andika jina lako, shamba na tarehe. Kama sehemu moja ya shamba ni nzima na nyingine ni gonjwa, usizichanganye. Pima kila moja peke yake, upate kulinganisha.

Majani nayo hupimwa. Ukichuma majani yaliyopigwa mrututu juzi, karatasi itasema mti una shaba nyingi mno. Shaba hiyo ni ya bomba lako la dawa, haikutoka kwenye mizizi.

Tena, karatasi hujibu lile uliloliuliza tu. Baada ya kuweka chokaa, mibuni mingi ya mzee ilianza kurudisha rangi, ingawa ilichukua miezi mingi. Miwili ilizidi kunyauka. Nikapiga magoti, nikatazama chini ya shina. Palikuwa na tundu, na unga kama wa msumeno. Alikuwa bungua. Karatasi ya udongo haiwezi kukwambia habari za bungua. Tuliikata miti hiyo miwili na kuichoma moto.

Kwa hiyo majibu yakifika, usikimbilie dukani. Ingia shambani kwanza na karatasi yako mkononi. Tazama jani, tazama shina, uliza majirani walipata namba gani. Kama karatasi na mti havipatani, njoo ofisini kwangu siku ya soko kabla hujatumia fedha. Njoo na karatasi, na uje pamoja na yule aliyechimba udongo.

Mwezi ujao nitaeleza jinsi ya kumtafuta bungua.