Ushauri wa Bahari na Lugha ya Wavuvi

Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya iliundwa mwaka 1979, miaka miwili baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya awali. Makao yake makuu yako Mkomani, upande wa bara, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa. Miongoni mwa majukumu yake ni kuishauri serikali kuhusu matumizi ya bahari. Umuhimu wa kazi hiyo hauna shaka. Ninalohoji ni hili: ushauri huo husikiwa na nani?

Tuchukue mfano wa juya. Mwaka 2001 serikali ilipiga marufuku uvuvi wa kukokota juya ufuoni. Hoja za kitaalamu zilikuwa nzito: wavu huo wenye matundu madogo hukokotwa juu ya nyasi za bahari na matumbawe, ukazoa hata tafi na changu ambao hawajapata kuzaa. Hata hivyo, miaka mingi baada ya katazo hilo, juya liliendelea kuvutwa katika pwani ya Kenya. Je, wavuvi ni wakaidi? Sidhani. Juya huhitaji mikono mingi, na kijana asiye na chombo wala zana zake mwenyewe hupata fungu lake kwa nguvu za mwili tu. Mtu kama huyo aghalabu hukutana na utafiti kwa mara ya kwanza siku wavu unapotwaliwa.

Ripoti zinazozaa ushauri wa namna hii kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza. Hutoka Mkomani zikaenda Nairobi, kisha hurudi Likoni na Mtongwe zikiwa kanuni. (Ajabu ni kwamba meli ya utafiti ya taasisi hiyo, iliyotoka Ubelgiji, ilipewa jina la Mtafiti. Chombo kimepata Kiswahili kabla ya matokeo ya safari zake!)

Wapo watakaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi za sayansi ya bahari. Dai hilo likitolewa Mombasa linasikitisha. Mvuvi wa Likoni hutofautisha bamvua na maji mafu, kusi na kaskazi, na hupanga safari zake kwa elimu hiyo. Istilahi zinazopungua, mathalani za takwimu, ni jukumu letu sisi tunaosomea lugha hii. Nasi pia tujiulize: tasnifu zetu kuhusu istilahi zimefika dikoni mara ngapi?

Tangu mwaka 2010, kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Kifungu cha 10 nacho kinataja ushirikishwaji wa wananchi. Kwa hiyo napendekeza kila ushauri wa kisera kuhusu uvuvi uambatane na muhtasari wa Kiswahili, nao ufikishwe kwa vikundi vya usimamizi wa fuo, yaani BMU, kabla ya waziri kutia saini. Mvuvi akiupinga, mtafiti atakuwa amepata jambo jipya la kuchunguza, pengine hilo la kijana asiye na zana.

Wenzetu wa tafsiri wanaotafuta mada za miradi yao wanaweza kuanza na ripoti moja tu ya juya.