Aya wa Yopougon: anzeni na kitabu, muvi baadaye

Nilikuwa mmoja wa wale wanaosema katuni ni mambo ya watoto. Muhula uliopita jamaa mmoja alisahau kitabu chumbani kwetu, simu yangu haina chaji, nikakifungua tu kupoteza muda. Kikanipotezea kipindi cha saa nane, na sijutii.

Kinaitwa Aya wa Yopougon. Mwandishi ni Marguerite Abouet, aliyezaliwa Abidjan akahamia Ufaransa na miaka 12. Mchoraji ni Clément Oubrerie. Cha kwanza kilitoka 2005, vikafika sita, na tangu 2022 mfululizo umefufuka tena. Ni Ivory Coast ya mwisho wa miaka ya 70, kakao na kahawa bado zinalipa. Aya ana miaka 19, anataka kusomea udaktari. Baba yake, mfanyakazi wa kampuni ya bia, anawaza kumuunganisha na mtoto wa bosi. Rafiki zake, Adjoua na Bintou, wao ni muziki na wanaume. Hakuna vita, hakuna njaa, hakuna mzungu wa kuja kuokoa mtu. Ni uswahilini kabisa, yaani ukibadilisha majina unaona mtaa wenu.

Basi tukatafuta na muvi, ya 2013. Tulikuwa wanane kwenye vitanda viwili, laptopu moja. Waongozaji ni haohao Abouet na Oubrerie, kwa hiyo siwezi kusema hadithi imeporwa. Rangi zake tamu, muziki mtamu. Ila vitabu viwili vya mwanzo vimebanwa ndani ya saa moja na nusu isiyotimia, na kilichobaki zaidi ni vichekesho.

Adjoua anapata mimba, anamtaja Moussa, mtoto wa tajiri. Mtoto akizaliwa, sura si ya Moussa wala ya ukoo wake. Chumba kizima tulikufa kwa kicheko. Mimi pia, ingawa nilishasoma.

Usiku nikakosa usingizi. Mwaka wa kwanza tulikuwa na mwenzetu, tulikaa naye kimbweta kimoja. Alipata ujauzito akaahirisha mwaka. Sisi kwenye grupu tulishindana kubahatisha baba ni nani, mpaka akajitoa mwenyewe. Hakuna aliyempigia simu. Nasema hakuna, na mimi nikiwemo.

Kitabuni kicheko hakiishii kwenye sura ya mtoto. Kitabu cha pili kinakaa na huyo mtoto, Bobby: nani ambebe leo, nani amlishe, Aya anabaki naye mikononi wakati ana mambo yake. Kwenye karatasi unaweza kusimama kwenye kachumba kamoja ka mchoro ukamtazama Adjoua alivyochoka. Muvi haikusubiri, ishakimbilia kituko kingine.

Najua mtaniambia vitabu ni ghali na bumu lenyewe linajulikana linavyoisha. Kweli. Ndiyo maana nakala ya Kiingereza tuliyonayo inazunguka, na yeyote anayeitaka aniulize.

Kwa sasa subirini kidogo. Yule mwenzetu karudi, yuko mwaka wa pili, na kitabu kiko kwake. Nilimpelekea mwenyewe, nikaomba radhi kwa kubabaika. Juzi aliniambia amekipenda, ila Bobby analia kidogo mno, huyo mwandishi aje alale kwake siku mbili.